Chupa ya Mafuta ya Nazi katika Chumba cha Uyoga

Vijana wangu, swali lenu ni moja, na mnaniuliza kila kiangazi kikifika: "Mwalimu, chumba kinawaka, uyoga unakufa, tufanye nini?" Mmoja wenu alinifuata hadi kwa kinyozi, hapa Nyamirambo, Kigali, akaniuliza nikiwa nimenyolewa upande mmoja. Nimeona bora niwajibu wote kwa maandishi kabla sijabaki na upara wa nusu.

Niseme mapema. Majibu ninayo yote. Hakuna mtu kati ya hapa na Ziwa Kivu anayejua kupoza chumba kidogo cha kuoteshea uyoga kama mimi, na kama yupo, alijifunza kwangu na hataki kusema. Na uyoga wangu umekufa. Kwa hiyo someni haya kama maelekezo ya kuogelea yaliyoandikwa na mtu aliyezama.

Ualimu wenyewe sina. Jina nilipewa na majirani nilipomaliza sekondari kwa masomo ya jioni, nikiwa na miaka arobaini na moja, mvi mbili kidevuni na mwanangu mwenyewe akinisahihishia hesabu. Siku ya kupokea cheti nilivaa suti ya kuazima iliyonibana hata nikapokea bila kuinama. Mchana wa miaka hiyo yote nilikuwa kwa Mama Zaituni, nikibeba maji.

Mama Zaituni alikuwa mjane wa Nyamirambo, Mwislamu wa ukoo uliotoka Tabora zamani, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kupasua tofali. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na chumba cha tofali za udongo, hatua nne kwa tatu, na ndani yake imigina: ile mifuko mirefu ya plastiki iliyoshindiliwa makapi ya pamba na kuchanganywa na mbegu ya uyoga. Imesimama safu kwa safu, myeupe, kama maharusi waliochelewa kufuatwa. Siku yangu ya kwanza aliniweka mlangoni, akanikataza kuingia.

"Kwanza tazama chupa," akasema.

Katikati ya chumba, usawa wa goti, palining'inia kichupa cha mafuta ya nazi, yale ya kupaka nywele, aliyoletewa na dada yake kutoka pwani.

"Yakiganda, uyoga unacheka. Yakianza kulegea pembeni, wewe anza kazi. Yakiwa maji kabisa, mwanangu, usiniamshe kuniambia. Mimi nitakuwa nimeshahisi moyoni."

Mimi, msomi mtarajiwa, nilicheka kimoyomoyo. Mwezi uleule nikanunua kipimajoto cha kioo, nikakitundika ukutani kando ya dirisha, pale gunia lilipokuwa likichuruzika maji. Kikawa kinasoma baridi kama Musanze asubuhi, na mimi nikawa nasema hewala, tuko salama, huku kona ya nyuma imigina ikipikika kama mihogo. Mama Zaituni aliinua mfuko mmoja uliolegea, akaniwekea begani.

"Hicho kioo chako kimesoma dirisha. Mafuta yangu yanasoma chumba. Beba."

Basi hilo ndilo la kwanza: pimeni katikati, chini, pale uyoga ulipo. Chupa au kioo, shauri lenu. Yeye alikuwa na sheria moja juu ya chupa ile, na aliirudia kama mtu anayesoma dua. Chupa haitoki chumbani maadamu kuna uyoga ndani. Hata ukipaka rangi, hata ukihama, uyoga na chupa vinakwenda pamoja.

Makosa yangu mengine ni mengi kiasi kwamba ningeweza kuyafungulia duka. Nilileta feni. Nilisema hewa ikitembea joto litaona haya. Baada ya siku moja uyoga ulikuwa umekauka na kujikunja kama masikio ya mzee aliyelala juani. Upepo bila maji unakausha, na maji bila upepo yanaozesha. Vyote viwili kwa kiasi, mkavishikilie kama mtu anayevusha watoto wawili barabara. Kiangazi kingine nilibeba bonge la barafu kutoka kwa mwuza samaki, nikaliweka kwenye beseni katikati ya imigina. Kwa saa mbili nilikuwa shujaa wa mtaa. Saa ya tatu chumba kilinuka sangara, na saa ya nne paka wote wa Nyamirambo walikuwa mlangoni, wamepanga foleni kwa adabu kuliko watu wa benki. Mama Zaituni hakugomba. Alichukua kigoda, akakaa nao.

Sasa kazi yenyewe. Joto la chumba kidogo haliingii kwa mlango, linashuka kwa bati. Kwa hiyo anzeni juu. Juu ya bati tulitandika majani makavu, unene wa mkono hadi kiwiko, tukayakandamiza kwa miti. Chini ya bati, dari ya mikeka ya mafunjo ya bondeni, na kati ya bati na mkeka nafasi ya shubiri moja ili joto lipite njia yake bila kutusalimia. Ukuta wa magharibi, ule unaopigwa na jua la alasiri, ulivikwa mmarakuja, ule mtambaa wa pasheni. Huo mti una akili. Kiangazi unashika majani yote. Ulichukua miaka minne kuufunika ukuta, kumbukeni hesabu hiyo.

Dirishani, gunia. Watu wanalimwagia maji kila saa mpaka wanachoka. Sisi tuliacha ncha ya chini ndani ya beseni la maji, gunia likawa linakunywa lenyewe. Sakafuni, mchanga wa mto, uloe usielee. Ukinyunyiza, nyunyiza hewa na kuta. Uyoga mchanga ukimwagiwa maji kichwani unakata tamaa na kuwa njano.

Na la mwisho, ambalo ndilo gumu kuliko yote kwa mtu wa mji huu: jua likizama fungua kila kitu, jua likichomoza funga kila kitu.

Mnajua tulivyo na upepo. Panda basi la kwenda Kagugu saa nane mchana, watu wanatiririka jasho, vioo vyote vimefungwa. Ukigusa kimoja tu, sauti itatoka nyuma: "Wewe, umuyaga unaingia." Tunaogopa upepo kama wengine wanavyoogopa simba. Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilikuwa napita jioni nikifunga madirisha ya uyoga kwa huruma, usije ukashikwa na kifua. Ukaota shingo ndefu na vichwa vidogo, kama twiga waliovaa kofia za watoto. Uyoga unapumua kama sisi, ukifungiwa unatafuta hewa kwa kurefuka. Mama Zaituni alikata mmoja, akanionyesha.

"Huu si uyoga. Huu ni mtu anayechungulia dirishani kuuliza nani amemfungia."

Alipozeeka, binti yake akaja kumchukua kurudi Tabora. Aliniachia nyumba na chumba chake, chupa ya mafuta, na chupa tano nyingine zenye mtama uliochemshwa, mweupe kwa nyuzi za uyoga. Hiyo ilikuwa mbegu yake. Nyinyi siku hizi mnanunua imigina tayari, ya uyoga mweupe au wa rangi, kila mtu ileile. Ya Mama Zaituni ilikuwa ya kijivu, kijivu cha manyoya ya njiwa, na ikikaangwa inanukia karanga. Sijaiona kwa mtu mwingine popote. Alikuwa akiihamisha kutoka chupa hadi chupa, mtama kwa mtama, tangu kabla sijamjua.

"Hii usiiuze," akaniambia garini. "Iuze ikiwa imeota. Hii yenyewe, itunze. Kiangazi ndicho kitakachoitafuta."

Nikaitunza. Magoti yalipokataa, nikaacha kuuza uyoga, lakini chumba nilikibakiza kwa ajili ya zile chupa tu. Mtasema, kwa nini usiweke kwenye friji? Niliweka. Mke wangu, mwanamke msafi hata vumbi linabisha hodi kwanza, akaona chupa mbili za mtama wenye ukungu, akamwaga, akazisugua kwa mchanga, akanihifadhia maji ya kunywa. Nilikunywa.

Chupa mbili zaidi nikampa Chantal, msichana mwenye bidii anayeotesha uyoga Kicukiro, ili mayai yasikae kapu moja. Nikabaki na moja, nikaigawa ikawa tatu. Tukaingia kiangazi.

Sasa nifike mahali ambapo kalamu inakuwa nzito.

Mtaani kwetu mimi ndiye mwandishi wa umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mwenye cheti hakosi kazi ya bure. Wiki moja kabla ya Jumamosi ile, tulikaa na Gasana, mkubwa wetu wa kazi za mtaa, mtu mwema asiyeweza kuona jani chini bila kuinama. Tulikuwa tunaandika nyumba za wazee wasiojiweza, watakaosaidiwa kufanyiwa usafi. Nikaandika majina manne.

"Mwalimu," Gasana akasema, "na wewe si uko muzee sasa? Magoti iko inalia kama mlango."

Watu wakacheka. Na mimi, mpenda kicheko, sikuweza kuacha utani ukae chini peke yake. Nikachukua kalamu, nikaandika jina la tano, langu, kwa herufi kubwa, na pembeni nikaongeza: mzee asiyejiweza, hana meno, ana mke mkali. Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Nikarudi nyumbani nimefurahi. Orodha sikuifuta.

Jumamosi ikafika. Mimi nilikuwa kundi la chini, kwenye mtaro, nashika koleo na kuwasimulia vijana jinsi nilivyobeba barafu ya sangara. Tulicheka asubuhi nzima. Nikisimama kupumzisha mgongo nilisikia watu wakiimba huko juu, upande wa kwangu, nikafikiri, kundi la juu lina furaha leo.

Tulipomaliza nikapanda. Gasana alikuwa ananisubiri uani, mikono nyuma, kama mtu aliyekuletea mgeni.

"Muzehe, umeona? Tumekusaidia."

Bati lilikuwa linang'aa. Sijawahi kuona bati safi vile, ungeweza kunyolea ndevu. Majani yote yalikuwa yameondolewa.

"Ile majani juu ya nyumba, hata nyoka ingelala," akasema. "Tumepakia kwa gari ya takataka, imeshakwenda."

"Na mmarakuja?"

"Tumekata. Ilikuwa inaleta mibu. Sasa ukuta iko inapumua."

Kisiki chake kilikuwa sawa na ardhi, kimekatwa vizuri, na mtu alikuwa amekifagilia. Magunia yalikuwa kwenye kamba, yamefuliwa kwa sabuni ya unga, yananukia maua. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, madirisha wazi, saa sita ya mchana, jua limekaa ndani kama mwenye nyumba. Mchanga wote wa sakafuni umezolewa. Chupa zangu tatu zilikuwa zimepanguswa, zimepangwa dirishani, kubwa kwa ndogo.

"Tumeweka kwa mwanga," akasema mama mmoja wa kundi lile. "Ilikuwa iko kwa giza, masikini."

Walikuwa watu kumi na wawili, wamechafuka kwa ajili yangu, wananitazama. Nani kati yenu amewahi kumgombeza mtu aliyemfagilia? Nikasema asanteni sana, Mungu awabariki. Nikaagiza Fanta. Nikanywa nao, nikatania kwamba sasa nimeoa tena kwa jinsi nyumba ilivyo mpya. Walipoondoka ndipo nikazichukua chupa. Zilikuwa za moto, mkononi zilikuwa kama chai.

Siku tatu nilipigana. Nilitandika mablanketi juu ya bati, nikatandika vitenge vya mke wangu, na mke wangu, ambaye ningesema angeniua, alinishikia ngazi. Majani ya migomba niliyopewa na jirani yalikauka kwa siku moja, yakawa yanavuma kama magazeti. Maji ya bomba yalikuwa ya zamu, tukapandisha majerikani. Ukimwagia bati, linachemka na kukauka kabla hujashusha ndoo. Na ng'ambo ya barabara wamemaliza ghorofa la vioo ambalo zamani halikuwepo. Saa tisa linachukua jua la upande ule na kunirudishia kwenye ukuta wangu uchi. Mmarakuja ulikuwa ukinificha hilo. Sikujua kabisa, mpaka ulipokatwa, kwamba mji wote ulikuwa umeshageuka tanuri na mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya pazia la majani nikijiita fundi.

Jumanne asubuhi nilifungua chupa ya kwanza. Harufu ya karanga haikuwepo. Ilinuka kama siki, na kati ya nyuzi nyeupe pameingia ukungu wa kijani, ule ambao ukiuona unaacha kuuliza. Ya pili vilevile. Ya tatu ilikuwa imeshayeyuka, mtama unaelea.

Nikapanda pikipiki kwenda Kicukiro. Njia nzima nilimwambia dereva akimbie, na yule kijana akasema, "Papa, uyoga haikimbii." Nikamwambia wa kwangu ndio umebaki mguu mmoja.

Chantal alinipokea mlangoni na uso ulionijibu kabla sijasalimia. Nyuma yake, sebuleni, alikaa mama mkwe wake, shali shingoni, kiangazi hicho.

"Mwalimu, nilikuwa nataka kukuja kwako," Chantal akasema. "Niliona aibu."

"Niambie tu, binti."

"Nafungua dirisha jioni kama ulivyonifundisha. Nikilala, inafungwa."

"Ni mimi," mama mkwe akasema bila kujificha. "Chumba ya uyoga iko karibu na kitanda yangu. Umuyaga inapita chini ya mlango, inakuja kwa kifua. Mimi nimezaa watoto saba, siwezi kufa kwa sababu ya kihumyo."

Kihumyo, yaani igihumyo, ndio uyoga wenyewe kwa Kinyarwanda. Alisema kwa sauti ya mtu anayetetea uhai wake, na kwa kweli ndivyo alivyoamini. Nikamwambia, "Mama, umefanya vizuri, afya kwanza." Chantal akanionyesha chupa mbili. Zilikuwa na maji meusi chini. Alikuwa hajazimwaga, alizifunika kitambaa, kama unavyofunika sahani ya mtu ambaye bado hajarudi.

Hiyo ndiyo ilikuwa mbegu yote ya Mama Zaituni.

Mnanisikia nikitania, mnadhani nimepona. Nimejaribu kuhuzunika kwa ukimya, sikuweza, mdomo wangu haukufundishwa. Lakini niwaambie kweli, siwaoni mkishinda. Mnakodi vyumba vya saruji, vya bati jembamba, bila mti, bila bonde la kuleta upepo, na kila mwaka joto linakuja mapema na kuaga kwa kuchelewa. Niliyowaandikia juu hapo yalifaa mji ambao umekwisha. Yafanyeni hivyo hivyo, sina mengine.

Kila mwanzo wa mwezi Mama Zaituni hunipigia simu kutoka Tabora. Macho yamekwisha, masikio yapo. Hasalimii. Anauliza, "Mafuta yameganda?" Mimi husema, "Yameganda, mama," ndipo anaanza habari za watoto.

Mwezi huu amepiga.

"Mafuta yameganda?"

Nilikuwa nimesimama chumbani, palipokuwa patupu. Chupa ilikuwa mbele yangu, alfajiri, saa ambayo zamani hata kiangazi mafuta yake yalikuwa meupe kama nta. Mafuta yalikuwa maji. Yalikuwa angavu hata niliona kidole changu upande wa pili na kovu lake.

"Yameganda, mama."

"Alhamdulillahi. Sikiliza, mwanangu. Jirani yangu anakuja Kigali kununua vitenge, Alhamisi anageuza. Mpe chupa moja ya mbegu, uifunge vizuri. Nimemwambia binti yangu, kabla sijafa nataka kunusa karanga zile."

"Sawa, mama."

"Usimpe ndogo."

"Sitampa ndogo."

Kwa hiyo vijana, hiki ndicho ninachokuomba wewe unayesoma, na ndiyo maana nimeandika haraka kuliko nilivyojua kuandika. Kama uliwahi kununua kwangu uyoga wa kijivu, na kwa udadisi wako ukachukua kipande cha shina ukakipachika kwenye mtama au hata kwenye boksi la karatasi lililoloa, na kikashika, niletee. Sitauliza kwa nini uliiba. Nitakupigia magoti, haya haya yanayolia kama mlango. Nimeshapita kwa wote ninaowajua. Wanasema waliula wote, ulikuwa mtamu.

Leo ni Jumatano. Hajaja mtu. Jirani yake Mama Zaituni amenipigia, anafikia kwa ndugu zake hapa hapa Nyamirambo, kesho asubuhi atapita.

Nimeishusha chupa ya mafuta ya nazi kwenye kamba yake, nimeifuta, nimeizungushia gazeti mara tatu na kuifunga kwa uzi. Hiyo ndiyo nitakayompa. Mama Zaituni haoni, lakini akiifungua tu ataijua kwa harufu, na ataijua kwa vidole, ule ufa mdogo shingoni. Na sheria aliitunga mwenyewe: chupa haitoki chumbani maadamu kuna uyoga ndani.